Siku Tuliyotembea Kurekebisha Watu, Kawangware hadi Kisumu Ndogo

Mmeniuliza, wengine kwa simu, wengine mkinivizia pale kwenye bomba la maji, kwa nini jina langu lilitolewa kwenye grupu ya kwaya Jumamosi ile saa kumi na moja jioni, na mimi ni sauti ya pili tangu kanisa letu likiwa mabati matupu. Nimechoka kueleza kipande kipande, maana kila kipande nikikitoa leo, kesho nasikia kimeota miguu na mikono. Kwa hivyo naandika njia nzima, tulipoanzia mpaka tulipofika. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniombee iondoke. Ngojeni imalize kazi yake kwanza.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka kwetu Kawangware hadi Kisumu Ndogo kule Kibera, mtu mwenye miguu mizima anatembea saa moja na nusu, mbili akisimama kununua ndizi. Sisi ilitumezea siku nzima, na mtaona ni nini kilichotuchelewesha.

Kawangware

Wengi wenu hamumjui dada yangu Edina. Ndiye mkubwa wangu, ndiye aliyenibeba mgongoni kule nyumbani Kakamega mama akienda shamba. Anauza omena Kisumu Ndogo na anasali katika tawi la kanisa letu huko huko. Ana sukari. Miaka minne amekuwa akijidunga sindano asubuhi na jioni bila kulalamika. Halafu wiki tatu kabla ya safari hii akaacha.

Aliyenipigia simu kunieleza ni Hajat Zaituni, mama Mnubi wa Makina, mwenye nyumba anayopanga Edina. Alisema, "Dada yako ameacha dawa. Mguu umefanya kidonda, na hakifungi. Njoo."

Nikampigia Edina. Akaniambia kwa furaha kabisa, "Rispa, mimi nimepona. Nimeamua kusimama kwa imani. Wewe si unajua hii mambo? Nitie nguvu." Nikanyamaza. Akasema basi kama nina neno, mambo ya imani atazungumza na wazee wa kanisa, si na mdogo wake. Kwa nini nilinyamaza nitawaambia tukifika Makina, maana hapo ndipo niliposhindwa kujificha.

Nilienda kwa Elder Ezekia. Mnamjua: mtaratibu, sauti ya chini, miwani mizito kama chini ya chupa. Nikamwomba jambo moja tu, tufuatane hadi kwa Edina amwambie kwamba Mungu na sindano hawana ugomvi. Akakubali hapo hapo. Nilifurahi sana hata nikampikia chai. Kumbe mwenzangu tayari ameshaigeuza kuwa misheni.

Jumamosi saa moja asubuhi namkuta langoni kwa kanisa na Mwinjilisti Stano, yule kijana wa kipaza sauti. Stano amepiga suti, amebeba betri ya akiba, na kifuani amebana kwa pini ile leso ya upako iliyoombewa mwisho wa mwaka. Nikawauliza tunapanda gari gani. Elder akasema hatupandi kitu. Tutakanyaga ardhi kwa miguu, na kila palipo na uongo tutausimamisha. Nikasema, "Elder, Edina ni mgonjwa." Akasema, "Sista, njia nzima ni wagonjwa."

Maombi ya kuondoka yalikwisha saa tatu.

Hatukufika mbali. Pale sokoni Stano akamwona mama muuza sukuma, na mtoto mgongoni, na mkononi mwa mtoto uzi mweusi. Akasimama.

"Mama, hapo mmemfunga mtoto nini?"

"Ni uzi tu. Ya macho ya watu."

"Huo ni mlango wa shetani. Tuukate saa hii."

"Ukate ya nani? Kwani ni wewe ulizaa?" Yule mama akamwangalia kutoka viatu mpaka kichwa, macho yakatua kifuani. "Na hiyo hanki umepin hapo ni ya nini?"

"Hii ni ya upako. Inanilinda kwa njia."

"Aaah," mama akasema, akirudi kukata sukuma. "Basi yangu pia inamlinda. Songa, unazuia wateja."

Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini Stano aliposhindwa na mama mmoja akawasha kipaza sauti awashinde wote, na tukasimama hapo dakika arobaini akieleza habari za nyuzi, hirizi na wazee wa kimila. Leso yake ikipepea kifuani. Nyani haoni kundule. Nilimvuta koti mara mbili. Mara ya pili Elder akaniambia niwe na subira, hii ndiyo kazi.

Dagoretti Corner

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilinunua yai la kuchemsha lenye kachumbari ndani, nikala nikitembea ili wasipate sababu ya kusimama. Wakapata. Mbele yetu alikuja mzee wa heshima, tai shingoni, Biblia kwapani, mkewe nyuma yake na kikapu cha chakula. Wanatoka ibadani. Ni watu wanaoshika Sabato.

Stano akamwamkia, "Bwana asifiwe, mzee! Mbona mnasali siku isiyo yake?"

Jamani. Mzee yule alikuwa kama mtu aliyengoja kuulizwa swali hilo tangu azaliwe. Aliweka kitambaa juu ya jiwe, akaketi, akafungua Biblia. Elder naye akafungua yake. Wakaanza, hapo kando ya Ngong Road, magari yakitutimulia vumbi. Huyu anasema siku ya saba, yule anasema siku ya kwanza. Huyu anasema ninyi mnafuata wafalme, yule anasema ninyi mko chini ya sheria. Mzee akamuuliza Stano, "Na wewe, leo umebebea nani hiyo betri nzito? Si ni kazi hiyo?" Stano akapandisha sauti.

Nilikaa pembeni na mke wa mzee. Akafungua kikapu akanipa kipande cha kiazi kitamu. Akaniuliza, "Nyinyi mnaenda wapi na joto hii?"

Nikamweleza. Sukari, wiki tatu, kidonda. Aliacha kutafuna. "Na mko hapa mnabishana siku?"

"Si mimi, mama."

Akainuka. "Baba Nyaboke! Funga kitabu. Huyu mama ako na mgonjwa."

Yule mzee alifunga Biblia katikati ya sentensi. Sijawahi kuona mwanamume akiacha ubishi anaoshinda namna ile. Akaja kwangu na kofia mkononi, "Pole sana mama, hatukujua. Nendeni, nendeni." Kisha wakashika njia yao, mama akinipungia mkono hadi wakapotea.

Saa saba kasoro. Stano akafuta jasho, akasema, "Huyo tumemmaliza."

Hasira niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya mtu aliyecheleweshwa. Kuanzia hapo ikawa kitu kingine. Katika watu wote tuliokutana nao asubuhi ile, waliojali kwamba kuna mgonjwa ni wale tuliowaambia wamepotea.

Makina

Tulipitia Jamhuri, tukatokea kwa soko la nguo, tukaingia Makina wanaume wakitawanyika kutoka msikitini. Nilitaka tupite kwa Hajat Zaituni, ambaye nilikuwa nimemwambia tunakuja, dakika tano tu nijue hali ya Edina kabla ya kumwona. Kosa hilo ni langu. Ningejua ningewapitisha njia ya reli.

Hajat ni mama wa miaka sabini na kitu. Babu yake alikuwa mmoja wa wale askari wa Sudani ambao mkoloni aliwaleta wakapewa ardhi hii ikiwa msitu, na yeye amezaliwa humo humo. Alitukaribisha kama aliyetutegemea. Tukavua viatu. Kulikuwa na maji ya kunawa, kulikuwa na gurusa, ile chapati yao nyembamba laini, na mchuzi wa mbuzi, na chai yenye tangawizi ya kuwasha koo. Nilikuwa na njaa mpaka machozi yakanilenga.

Kabla sijamega, Stano akasimama aombee chakula. Aliomba, akavunja kila neno lililonenwa juu ya sufuria hiyo, akafunga kila roho ya jikoni. Mbele ya aliyepika! Niliona aibu hata nikashindwa kufumba macho. Hajat aliinamisha kichwa kwa adabu mpaka mwisho.

"Amina," akasema. "Kuleni, inapoa."

Walikula, tena Stano aliongeza mara mbili. Walipokwisha kunawa mikono Elder akajikohoza. "Mama, asante kwa ukarimu. Lakini acha nikuulize. Ukifa leo, unajua unaenda wapi?"

"Najua," Hajat akasema. "Hapo kwa makaburi yetu, kando ya bwana yangu. Nimeonyesha watoto mpaka mahali. Chai nyingine?"

Elder hakutaka chai. Alianza kumrekebisha. Akaeleza ni wapi mtume wao alikosea, ni wapi kitabu chao kilikosea, ni wapi wazazi wake walikosea. Kwa ile sauti yake ya chini, ya upole, kama daktari anayetoa habari mbaya. Nusu saa. Hajat alisikiliza, mikono mapajani. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Mwishowe akainuka, akafungua friji, akatoa mkebe wa siagi wa zamani. Akaufungua mbele yetu. Ndani kulikuwa na chupa ndogo za dawa zimepangwa, na sindano kwenye karatasi zake.

"Hii ni ya Edina," akasema. "Yeye hana friji, kwa hivyo tangu mwanzo dawa yake inakaa hapa kwangu. Kila siku nikimaliza kuswali alfajiri natembea mpaka kwake nimeifunga na barafu. Sasa anakataa. Narudi naiweka. Jioni naenda tena, anakataa, narudi. Wiki tatu. Ananiambia, Hajat, wewe si wa dini yangu, huwezi elewa. Sawa. Nikaita watu wa dini yake." Akatuangalia mmoja mmoja. "Nimewangoja tangu asubuhi. Mlikuwa wapi?"

Tungesema nini? Kwamba tulikuwa tukikata uzi wa mtoto?

Akaendelea, sasa akiniangalia mimi. "Kuna sauti anasikiza kwa simu. Mwanamke wa kanisa, anasema alitupa dawa akapona. Anaiweka asubuhi, anaiweka jioni. Hiyo sauti naijua, lakini sijauliza mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, basi."

Naona hapa niwaambie.

Mnaijua desturi yetu, kwa sababu ni yenu pia. Mtu akipakwa mafuta, ashuhudie kabla Jumapili ya tatu haijapita, la sivyo uponyaji unarudi ulikotoka. Mimi nilipakwa mafuta kwa ajili ya presha. Jumapili ya tatu ikafika, katibu wa ushuhuda ana jina langu kwenye orodha, kinanda kimeanza, nami nimepimwa juzi yake na presha imeshuka kweli. Imeshuka kwa sababu nilikuwa nikimeza vidonge kila asubuhi. Nikasimama. Nilikusudia kusema tu kwamba namshukuru Mungu nimepata nafuu. Lakini mlianza kupiga vigelegele, na mdomo ukaniponyoka. Nikasema dawa nilizitupa chooni. Mliruka, na mama mmoja alianguka kwa furaha. Sitadanganya, nilipenda. Nikarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi nikatoa kidonge kwenye mkebe wa majani ya chai nyuma ya unga, nikameza.

Rekodi ya ushuhuda ule ilipotumwa kwenye grupu ya kwaya, mimi mwenyewe nilimtumia Edina. Nilitaka dada yangu ajue kwamba mdogo wake pia ni mtu kanisani.

Basi sasa mnajua nilimchukua Elder wa nini. Nilitaka Edina arekebishwe na mtu mwingine, kwa maneno mengine, ili maneno yangu yabaki yalivyo.

Kisumu Ndogo

Hajat alisema tutangulie, angefuata na dawa, ilikuwa karibu saa yake ya jioni. Tulishuka kwenye vichochoro, harufu ya omena iliyoanikwa kila upande, baa moja inapiga muziki na kanisa mkabala wanafanya mazoezi ya nyimbo, kila mmoja akijaribu kumzima mwenzake. Saa kumi kasorobo tukabisha.

Edina alikuwa kitandani ameegemea ukuta. Dada yangu ni mtu wa mwili, na hapo palikuwa na gauni tu na macho. Kando yake jagi la maji, anakunywa, anamimina tena. Mguu umefunikwa na shuka, lakini shuka haifuniki harufu.

"Rispa! Umeniletea wazee!" Uso wote uliwaka. "Mungu ni mwema. Elder, karibu, karibu kiti."

Nikaketi, nikangoja. Elder aliuangalia mguu, akaangalia pembeni. Akasema, "Dada Edina, tumesikia habari za imani yako, hata huko Kawangware tunaisema. Tumekuja kukutia nguvu."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Elder, ulisema utamwambia."

Akaniinamia, sauti ya chini kabisa. "Si leo, sista. Hili tawi ni changa. Ukiangusha ushuhuda mmoja, wote wanajikwaa. Tutaomba, Mungu atamwongoza mwenyewe."

Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa na neno kwa kila mtu siku ile. Uzi kwenye mkono wa mtoto, alisema kuurekebisha ndiyo kazi. Siku ya ibada ya watu waliotoka ibadani, akairekebisha. Mama aliyetulisha alimrekebisha hadi makaburi ya wazazi wake. Sasa amefika mahali ambapo kosa linamla mtu mguu mbele ya macho yake, na ndipo anakumbuka adabu!

Nilipiga kelele. Majirani wamewaeleza nilipiga kelele na ni kweli. "Basi vua miwani, Elder! Vua! Kwani imani yako haifiki kwa macho?"

Mkono wake ulienda kwenye miwani, ukaishika, ukaiacha palepale.

"Rispa, usiongee na mzee hivyo," Edina akasema. Hakukasirika, alisikitika tu, kama zamani nilipokuwa nikikataa kuoga. "Ni shetani anakuchokoza. Wewe mwenye ulinifundisha! Hebu jisikize." Akachukua simu akabonyeza.

Nikajisikia. Sauti yangu, kinanda nyuma, vigelegele vyenu. "Nikazichukua zile dawa, nikazitupa kwa choo, nikamwambia shetani chukua mali yako." Edina alikuwa akitembeza midomo pamoja na sauti. Alikuwa ameyashika neno kwa neno.

Nilifungua mkoba. Vidonge vyangu huwa navibeba, mkebe ule wa majani ya chai ni wa akiba tu. Nikatoa karatasi ya vidonge nikaiweka juu ya goti lake.

"Hicho kishimo kitupu cha mwisho ni cha leo asubuhi," nikasema. "Cha juu yake ni cha jana. Sijawahi kutupa hata kimoja."

Alisoma ile karatasi, akaigeuza, akaisoma upande wa pili. Baa ilimaliza wimbo ikaanza mwingine.

"Ulinitumia hii sauti ukijua ni uongo?"

"Nilikutumia."

"Na nikakuambia nimeacha sindano. Kwa simu. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akanizaba kofi. Mkono ulikuwa hauna nguvu, ila lilinifika, maana ni mkono ule ule ulionifunga mgongoni nikiwa mtoto. Stano akasema, "Mathe, pole pole." Elder akasema tusimame tuombe. Edina akainua kidole, "Elder, ngoja kidogo." Kisha akaigeuza simu, akaiweka karibu na mdomo wangu.

"Sema tena. Yote. Usikimbie. Narekodi."

Nikasema. Jina langu, kanisa langu, presha yangu, mkebe nyuma ya unga. Hapakuwa na kinanda. Nilipomaliza akanipa simu yake. "Jitumie kwako. Halafu utume kwa watu wenye walisikia ile ya kwanza. Wewe mwenyewe, mimi nikiona."

Elder akasema, "Sista Rispa, fikiria kondoo." Nikamwambia kondoo mmoja ndiye huyu, ananuka mguu. Nikabonyeza. Ndiyo ile mliyoipata.

Elder alivaa kofia akatoka bila kuaga, na sijamwona tangu hapo ila kwa mbali. Mlangoni alipishana na Hajat aliyeingia na dawa yake kwenye barafu. Hajat alimtazama Edina, na Edina, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, akanyoosha mkono. Lakini Hajat akaiweka dawa kando. "Hapana, sasa hivi imechelewa kwa hii peke yake. Kwanza kliniki wakupime." Akavua leso yake ya mabegani, safi, akaufunga mguu.

Na sasa nimseme Stano vizuri, maana nimemsema vibaya njia nzima. Gari halifiki kwa Edina, kichochoro hakitoshi hata mkokoteni. Nilikuwa nikiwaza tutafanyaje, nikaona mwinjilisti amevua koti, kipaza sauti amekiweka chini ya kitanda, amepiga goti. "Panda, mathe." Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, mitaro yote ile, suti ya kuazima ikichafuka, na hakumwambia mtu yeyote njiani kwamba amepotea. Alisema tu, "Nipishe. Niko na mgonjwa. Nipishe."

Kurudi

Kliniki walimpima, nesi akanigombeza mimi kana kwamba anajua, wakatutuma hospitali kubwa. Edina amekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Daktari alisema mguu wenyewe umeponea chupuchupu. Wakati namjazia jina kwenye fomu ndipo nilipoiona simu: nimeondolewa kwenye grupu. Aliyenitoa hakuniuliza hata mgonjwa anaendeleaje.

Sasa anatembea kwa fimbo, na asubuhi huenda mwenyewe hadi Makina kwa friji ya Hajat. Hajanisamehe. Kila siku saa moja ananipigia, "Umemeza?" Nasema nimemeza. "Tuma picha." Natuma picha ya kishimo kitupu, na simu inakatwa. Neno langu peke yake halimtoshi tena, na simlaumu.

Kuna atakayesema basi Rispa anataka Wakristo tuwaache watu na makosa yao. Sikusema hivyo. Edina alikuwa na kosa, na lilihitaji mtu wa kulirekebisha, kwa haraka, hata kwa kelele. Hajat alijaribu mara mbili kwa siku, hakusikilizwa. Aliyekuwa na neno la kusikilizwa ni mimi, na nilitembea siku nzima nikitafuta mwingine wa kulisema, huku tukiwasumbua watu ambao kosa lao halikuwa likimuua mtu. Hilo ndilo linalonikasirisha, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ninayo juu yangu mwenyewe.

Sasa niwageukie nyinyi. Usiku ule ule, baada ya kutolewa, watatu wenu mlinitumia ujumbe pembeni. Mmoja presha, mmoja sukari, mmoja dawa ambazo sitazitaja. Wote maneno yalikuwa karibu yale yale: hata mimi nameza, lakini tafadhali usiseme. Na wote watatu nimewahi kuwasikia mkishuhudia kwenye ile madhabahu, kinanda kikilia, na nyumba yote ikipiga vigelegele nami nikiwemo.

Majina yenu siyasemi. Semeni wenyewe, kabla mtu hajawaamini.